Siku Wakenya Walipomposa Mama

Mama yangu hajawahi kugombea kitu chochote maishani mwake, na hajawahi kukikosa. Ndivyo alivyolelewa Unguja, na ndivyo alivyoishi Dubai tangu alipokuja bibi harusi. Akitaka jambo, huenda kumjulia hali mtu mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu. Anauliza watoto hawajambo, anasifu achari, anaomba ruhusa kuondoka. Akifika nyumbani jambo lake limeshakubaliwa na watu ambao hawakumbuki kuulizwa. Kwa mtindo huo aliutawala ukumbi wa chini wa jengo letu la Al Baraha kwa miaka mingi, mpaka Wakenya walipohamia ghorofa ya tatu.

Ukumbi wenyewe si wa kugombaniwa. Ni chumba kirefu chenye mito ya kuegemea, zulia lililofifia, na mashine ya kupozea hewa, eisii, iliyo kongwe hata rimoti zake haziuzwi tena dukani. Zamani kilikuwa chumba cha kupokelea wageni cha babake mwenye jengo. Huyo mwenye jengo sote twamwita arbab, yaani bwana mkubwa, ingawa hakuna hata mmoja wetu anayemfanyia kazi. Hakuwa na moyo wa kukipangisha chumba alichokaa marehemu babake, basi akaturuhusu wapangaji tukitumie bure. Ihsani yake hiyo ndiyo iliyotuletea siasa.

Tulikuwa makoloni matatu. La kwanza lilikuwa la mama na wanawake wenzake wa Kiunguja, Alhamisi alasiri: kahawa, uradi, kisha umbea, ingawa umbea haukupenda kusubiri zamu yake. Mama alikuwa na vikombe vyake vya kahawa, vidogo, vyenye mstari wa dhahabu mdomoni, ambavyo marehemu baba alimnunulia kimoja kimoja kila alipopata pesa. Alivipanga kwenye sinia kabla mtu yeyote hajafika, na asiyekuja kikombe chake kilijazwa vilevile, ili aliyekuja ajue nani wa kusengenywa.

Koloni la pili lilikuwa la watu wa bandari ya Hamriya, Watanzania wa bara waliosimamia upakiaji wa mizigo ya majahazi. Wao walikuja Ijumaa kucheza drafti na kulala juu ya mito. Mkubwa wao alikuwa msimamizi wa zamu, mtu mpole mwenye maneno matamu, ambaye nadhani hata kreni ilimtii kwa sababu aliiomba vizuri.

La tatu ni la Wakenya, Jumapili jioni. Walikuwa walinzi na wahudumu wa hoteli, watu wa bara ya kwao, wacheshi, wachovu, wenye viatu vizito. Kiongozi wao alikuwa mwanamke mrefu aliyesimamia walinzi wa jengo moja la maduka, na jina lake la kazi ndilo lililokuwa jina lake kila mahali: Sapavaiza. Siku ya kwanza kukutana na mama ngazini alimwambia, "Habari yako, mama," kwa sauti njema kabisa, akapita. Mama alibaki ameshika ukuta.

"Hajaniamkia," aliniambia. "Mtu mzima na buti zake, kanipita kama nguzo."

"Kwao hawaamkii, mama."

"Kwao wapi huko, mwituni?"

Nilimwambia astaghfiru, akaastaghfiru, lakini vita vilikuwa vimeshaanza. Kila koloni likaweka kabati lake, kufuli lake na birika lake. Wakenya walichemsha maziwa ndani ya birika la mama mara moja tu, kwa kutojua, na mama akalisugua birika lile kwa majivu ya ubani mbele ya watu. Kitu pekee tulichoshirikiana ni ile rimoti ya eisii. Na kila koloni, likikasirika, lilipeleka mashtaka kwa arbab.

Mwaka huo, joto lilipoanza kupamba moto na arbab akijiandaa kusafiri kulikimbia, aliwaita wote watatu uani: mama, Sapavaiza na msimamizi. Mimi nilikwenda kuwa mkalimani, kazi ambayo sikuiomba. Mzee alikuwa amechoka.

"Sisi tulikuwa falme saba tukawa nchi moja," alisema kwa Kiarabu, akitandaza vidole. "Nyinyi mko watatu, mnanishinda? Nileteeni mdomo mmoja. Mtu mmoja wa kusema nami. Nikisafiri sijampata, natia tairi za duka la jirani humo ndani, khalas."

Hapo ndipo ninapopaswa kueleza habari ya kaka yangu. Kaka ana villa Al Warqa, na kwa miaka alikuwa akimbembeleza mama ahamie kwake. Alimtengenezea chumba, bafu lenye vyuma vya kushikia, na televisheni iliyoziba ukuta. Si mtoto mbaya. Ana mapenzi mengi na maegesho mapana. Mama alimjibu kila mara jibu moja: "Siku ukumbi ukinitoka, nitakuja." Alijua analosema. Mimi naishi ghorofa moja naye, lakini natoka asubuhi kwenda kazini na kurudi jua limeshachwea, na hapa Baraha mama ana watu mchana kutwa. Al Warqa kuna barabara safi ambazo hapiti mtu. Mama bila watu hukaa akaangalia mlango. Nilimwona hivyo alipokuwa na eda ya baba, na sikutaka kumwona tena.

Sapavaiza akaitisha mkutano. Alikuja na ajenda, saa, na kalamu sikioni. Mama naye alijiandaa kwa njia yake. Wiki nzima alipita nyumba kwa nyumba na kupiga simu, na wanawake wa Kiunguja wote, pamoja na nusu ya watu wa bandari, walimwambia, "Wewe tu, bibi, nani mwengine?" Alikuja mkutanoni amevaa baibui jipya, amejifukiza udi, na hakuwa na wasiwasi hata kidogo.

"Tutapiga kura ya wazi," Sapavaiza alisema. "Mnyooshe mkono, nihesabu, tumalize. Wanaotaka mama?"

Wanawake wa Kiunguja waliliangalia zulia. Watu wa bandari walikuna videvu. Mimi mikono yangu yote miwili ilikuwa chini ya sinia la vikombe, nikawakonyeza mpaka jicho likauma. Hakuna aliyeinua hata kidole.

"Wanaonitaka mimi?" Walinzi wakainua mikono kwa pamoja, kama gwaride.

Baadaye nilipowabana, wale wanawake walishangaa kweli. "Tungenyoosha vipi mikono, mwanetu? Mgeni yumo ndani, kakaa, anatutazama! Kunyoosha mkono si ndiyo kumwambia usoni kuwa hatumtaki? Sie tulishamkubali mama yako tangu Jumatatu." Kwao mkutano ni mahali pa kunywa kahawa baada ya jambo kwisha. Hakuna aliyewaambia kwamba jambo lenyewe lingefanyika mle ndani, hadharani, kwa makwapa.

Mama hakulaumu mtu. Aliinuka, akamwambia Sapavaiza, "Hongera, mwanangu," akapanda ngazi polepole. Alipofika juu akasema, "Niitie kakako." Nikampigia, naye akasema atakuja kumchukua wiki ijayo akipata nafasi kazini. Jioni ile ile sanduku kubwa lilikuwa limesimama kando ya mlango wake, limefungwa kamba. Hakutaka nimsaidie kufunga. Nilikwenda jikoni kwangu nikalia huku nakatakata vitunguu, ili mume wangu asiulize.

Utawala wa Sapavaiza ulianza vibaya. Kwanza, rimoti ilipotea. Aliwashuku watu wa bandari, watu wa bandari wakaapa, wakawashuku walinzi, na wote wakawa wanashukiana huku jasho likiwatiririka, maana chumba kile bila eisii ni tanuri. Alhamisi ikafika, hakuja mwanamke hata mmoja. Kisha akaenda kwa arbab kujitambulisha. Kiarabu chake kilikuwa cha kazini, yalla na khalas na shwaya shwaya, maneno ya kumwondoa mtu mlangoni, si ya kuingia naye. Mzee alimsikiliza, akauliza, "Yuko wapi yule mama?" Sapavaiza alielewa neno moja tu kati ya hayo, lakini lilimtosha.

Alinikuta kwenye lifti, ambayo siku hiyo ilikuwa imejisikia kufanya kazi.

"Sista, wacha nikuambie ukweli," alisema. "Nilishinda, lakini nimeshinda chumba tupu. Arbab anasafiri keshokutwa. Nimemwambia mama yako awe naibu wangu, amesema 'inshallah'. Hiyo ni ndiyo ama ni la?"

"Hiyo ni la iliyooga ikavaa vizuri."

"Sasa anataka nini? Aniambie tu, niandike."

"Mama haandikwi. Mama anaombwa. Anaombwa kama binti anavyoombwa kwao."

Nilisema kwa mzaha, na kwa hasira kidogo. Lakini Sapavaiza aliushika mlango wa lifti usijifunge.

"Kumbe ni hivyo tu?" alisema. "Hata sisi kwetu tunajua kuomba. Wazee wanakuja, wanasema kuna ua waliona kwa hii boma. Hakuna mtu anataja kitu na jina lake mpaka chai iishe."

"Na sisi vilevile."

"Aki, na tumekosana mwaka mzima juu ya birika!"

Kesho yake alasiri, mama akiwa amekaa mkekani na sanduku lake likiwa mlangoni, tukasikia hodi. Aliingia kwanza msimamizi wa bandari, kofia mkononi. Yeye ndiye aliyekuwa mshenga. Nyuma yake walikuja walinzi wawili waliopiga pasi sare zao, wamebeba sukari, majani ya chai na leso mpya juu ya trei. Sapavaiza aliingia mwisho, ameinamisha kichwa. Buti zake alikuwa ameziacha nje, na soksi moja ilikuwa imetoboka kidole gumba. Nilimpenda kuanzia siku hiyo.

"Shikamoo, mama," alisema. Ilimtoka kwa shida, lakini ilitoka.

"Marahaba," alisema mama, akavuta mtandio wake. "Karibuni. Kwema?"

"Kwema, mama," alisema msimamizi. "Sisi ni wapita njia. Katika kupita kwetu tumeona ua katika nyumba hii, tukasema, haiwezekani tupite kimya."

Mama alinitazama, kisha akamtazama yeye. "Mwanangu huyu ana mume, tena yuko kazini, atarudi sasa hivi."

"Ua tuliloliona sisi, mama, limekaa hapo mkekani."

Sijawahi kumwona mama akiona haya tangu nizaliwe. Aliuficha mdomo kwa mtandio, mabega yakamtikisika, na nilipodhani analia nikaona macho yake. Alikuwa anacheka kama msichana. Kisha akakaa sawasawa, akakunja uso.

"Posa haijibiwi siku moja," alisema. "Nendeni, mje keshokutwa."

"Mama!" Sapavaiza alipiga kelele, akasahau haya zote. "Kesho arbab ako kwa ndege!"

"Adabu ni adabu. Nendeni."

Msimamizi aliinuka bila neno, akawatoa wote nje, mlango ukafungwa. Mama alihesabu tasbihi yake kidogo. Hodi ikabishwa.

"Lo!" mama alisema mlango ulipofunguliwa. "Siku nyingi! Tukadhani mmetutupa."

Chai ikaletwa, ya maziwa, mama alitaka mwenyewe. Ndipo mazungumzo yakaanza, na sijawahi kuona serikali ikiundwa kwa haraka vile. Mama alitaka viatu vikae nje na mkubwa aamkiwe, hata kwa kutikisa kichwa. Alitaka pia kwamba kabla ya mkutano wowote watu wapitiwe majumbani kwanza, ili mkutanoni pasiwe na mtu wa kuaibika. Sapavaiza akasema sawa, lakini mkutano uwepo, uanze saa yake, na mwenyekiti awe yeye. Mama akasema uenyekiti ni mzigo, na yeye magoti yanamuuma, auchukue. Makufuli ya makabati yakafunguliwa siku ile. Msimamizi hakuomba kitu ila drafti isihamishwe ikiwa mchezo haujaisha.

"Na mimi niko na moja ya mwisho," Sapavaiza alisema. Alielekeza kidole mlangoni. "Hilo sanduku lifunguliwe."

Mama aliacha kucheka. "Arbab akikubali," alisema. "Asipokubali, kwa mwanangu nimeshaahidi."

Asubuhi walikwenda kwa arbab pamoja. Nilichelewa kazini makusudi. Sapavaiza alisema kwa Kiswahili, "Mwambie tumeungana, tutapatunza, na asante." Mama akayageuza kwa Kiarabu. Alianza na kumwombea rehema mamake arbab, akaja kwenye mvua ya mwaka fulani iliyoingia mpaka ngazini, akapita kwenye harusi mbili na msiba mmoja, na mzee akawa anatikisa kichwa na kufuta macho.

"Sista," Sapavaiza alininong'oneza, "mimi nilisema maneno kidogo tu."

"Anayatia viungo."

Arbab akauliza, "Sasa mkubwa wenu nani?" Mama akamwonyesha Sapavaiza. Sapavaiza, aliyekuwa amekisia swali, alikuwa ameshamwonyesha mama. Mzee alivitazama vile vidole viwili.

"Nilitaka mdomo mmoja," alisema. "Haya, kaeni. Siwezi tena na nyinyi."

Tuliporudi, gari la kaka lilikuwa mbele ya jengo, injini inanguruma. Hakuna aliyekuwa amekumbuka kumpigia simu asije. Yeye mwenyewe alikuwa juu mlangoni, amelishika sanduku kwa mikono miwili, uso umemwiva.

"Mama umetia nini humu? Mbona linalia?"

"Hakuna kuondoka," Sapavaiza alimwambia. "Tumekubaliana. Sanduku linafunguliwa."

Kaka hakumjua huyu mwanamke wa soksi, lakini kwa sauti ile hata mimi ningefungua. Akaifungua kamba. Hamkuwa na nguo. Hamkuwa na dawa wala mswaki. Juu kabisa ilikuwepo rimoti ya eisii.

Sapavaiza aliiokota, akamgeukia msimamizi, ambaye alikuwa ameapa kwa Mungu mara zote zile.

"Naomba iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano," msimamizi alisema kwa upole.

Tukacheka wote, mama naye akaanza kutetea rimoti yake. Kaka alikuwa bado amechutama, anafungua vitambaa vya kanga kimoja kimoja. Ndani ya kila kitambaa kulikuwa na kikombe. Vikombe vya Alhamisi, vyote, mpaka kile chenye ufa ambacho hakiruhusiwi kupewa mgeni.

"Mama," alisema, "kwangu vikombe vipo. Hivi vyote ulitaka kumnywesha nani huko?"

"Hapana mtu," mama alisema. "Ningevipanga tu."

Hatukucheka tena. Kaka alibaki amechutama na kikombe mkononi. Kisha akavifunga tena vyote, taratibu, akalirudishia sanduku kamba yake, akalibeba akashuka nalo. Nilimfuata, nikijua ahadi ya mama na ukaidi wa kaka. Alifika chini. Mlango wa nje ulikuwa wazi na gari linamngoja. Akapita akaingia ukumbini, akavua viatu, akatafuta sinia, akaanza kupanga.